Mint, Ubuntu, Debian au Arch? Yanayosemwa kuhusu jamii zao, na namna ya kuchagua ukiwa Mwanza

Tangu Microsoft ilipofunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, swali moja linazunguka kwenye meza za mafundi wa kompyuta kuanzia katikati ya mji wa Mwanza hadi Igoma na Buhongwa: hii EliteBook 840 G3 au ThinkPad T450 ya mtumba niifanyeje? Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, na mashine hizo ni za kizazi cha sita na cha tano. Mtu akitaja Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuwekwa badala ya Windows, mwenzake hakosi la kuongeza: watu wake wakali, ukiuliza unatukanwa; Ubuntu inapeleleza; Mint iliwahi kudukuliwa; Debian ni ya wazee; Arch ni ya wenye majivuno.

Kila kauli kati ya hizo ina chanzo cha kweli. Baadhi zimepitwa na wakati, na moja au mbili ni sifa njema iliyovalishwa nguo ya aibu. Inafaa kuzichambua kwa sababu ndani ya distro zote hizi, yaani aina mbalimbali za Linux, kerneli (kiini cha mfumo) ni ya mradi uleule, LibreOffice ya kuandikia nyaraka ni ileile, Firefox ni ileile. Zinachotofautiana ni watu wake: nani anaamua, nani anajibu, jibu lake linafaa kwa muda gani, na anategemea uwe umefanya nini kabla ya kumuuliza. Siku waifai ikikataa saa nne usiku, hao ndio utakaokuwa nao.

Ukali umetoka wapi

Linus Torvalds, aliyeanzisha kerneli ya Linux mwaka 1991, kwa miaka mingi aliwaandikia wachangiaji wake barua pepe zenye maneno makali, na barua hizo ndizo zilizosambaa hadi kwa watu wasiojua lolote lingine kuhusu Linux. Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akakaa pembeni kwa wiki kadhaa, na mradi wa kerneli ukapitisha kanuni mpya za maadili. Hata enzi za barua hizo, ugomvi ulikuwa baina ya wahandisi wa kerneli. Mtu wa Nyakato anayetafuta draiva ya printa hakuwamo. Ubuntu ilikuwa na kanuni zake za maadili tangu siku za mwanzo, na Debian walipitisha zao kwa kura mwaka 2014.

Ukali wa aina ya pili upo hadi leo: lile jibu la "kasome mwongozo kwanza". Wanaojibu ni watu wa kujitolea, wanaulizwa jambo lilelile kila siku, na muuliza swali mara nyingi hajasema hata anatumia distro gani. Hilo halihalalishi ufidhuli, ila linaonyesha mahali pa kurekebisha, nasi tutapafikia.

Mint na Ubuntu: ndugu wasiofanana tabia

Ubuntu ilitoka mara ya kwanza Oktoba 2004, ikiwa chini ya kampuni ya Canonical ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Hadi mwaka 2011 walikuwa wakituma CD bure kwa posta hadi Afrika, na ndiyo sababu hadi leo watu wengi wakisema Linux wanamaanisha Ubuntu. Mint ilianza mwaka 2006 kwa mkono wa Clement Lefebvre. Inajengwa juu ya Ubuntu, na inaendeshwa na timu ndogo inayotegemea michango na wafadhili.

Tuhuma ya upelelezi ilianza na toleo la 12.10 la mwaka 2012. Ulipotafuta faili kwenye menyu, maneno yako yalitumwa mtandaoni ili ukaletewe bidhaa za Amazon. Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria, aliliita jambo hilo upelelezi waziwazi, na hakukosea. Kuanzia toleo la 16.04 kipengele hicho kilizimwa, na mwaka 2017 eneo-kazi la Unity (mwonekano wa skrini na menyu zake) lililokibeba likaachwa kabisa, Ubuntu ikarudi kwenye eneo-kazi la GNOME. Kwa hiyo anayekutisha leo kwa habari ya Amazon anakusomea gazeti la zamani.

Lawama iliyo hai ni nyingine: Canonical huamua kwanza, jamii ikasikia baadaye. Mfano ulio karibu ni Snap, njia ya Canonical ya kufunga na kusambaza programu. Tangu Ubuntu 22.04 Firefox huja kama kifurushi cha Snap, na vifurushi vya Snap hujisasisha vyenyewe, mfumo ukiangalia mara nne kwa siku. Kwa mtu wa Ulaya mwenye intaneti isiyopimwa huo ni mjadala wa itikadi. Kwa mtu wa Kirumba anayegawa bando la simu ni pesa inayotoka mfukoni, tena kimyakimya. Dawa yake ni amri moja:

`sudo snap refresh --hold`

Ukishaifunga hivyo, mara moja kwa mwezi nenda mahali penye waifai, kisha andika `sudo snap refresh` pamoja na majina ya programu unazotaka zisasishwe. Usiache miezi sita, kwani kivinjari kisichosasishwa ni mlango wazi. Vilevile fungua mipangilio ya mtandao na utie alama kwamba hotspoti ya simu yako ni mtandao unaopimwa.

Mint walikataa Snap tangu toleo la 20 la mwaka 2020, wakaizuia isijisakinishe yenyewe. Hapo ndipo walipojijengea jina la kuwasikiliza watumiaji, na jina hilo wanalistahili. Kinachosemwa kwa upande mbaya ni kwamba Mint si salama, na hilo lina tarehe: 20 Februari 2016. Wadukuzi waliingia kwenye tovuti yao, wakaelekeza kiungo cha kupakua Mint 17.3 Cinnamon kwenye nakala yenye mlango wa nyuma. Lefebvre alitangaza bila kuchelewa, na walioathirika na nakala hiyo ni waliopakua siku hiyo kupitia kiungo hicho. Funzo linahusu distro zote, na hasa mji kama wetu ambako flashi ya kusakinishia hupita mikono kumi kutoka fundi hadi fundi. Ukipewa faili la ISO, yaani nakala nzima ya kisakinishi, andika:

`sha256sum linuxmint-22-cinnamon-64bit.iso`

ukitumia jina la faili lako. Kisha linganisha herufi 64 zinazotoka na zile zilizo kwenye tovuti rasmi. Zikitofautiana hata moja, futa. Mara nyingi haitakuwa udukuzi, itakuwa upakuaji uliokatika bando lilipoisha katikati. Lakini ISO pungufu ndiyo inayokuletea usakinishaji unaokwama njiani, halafu lawama zinaiangukia Linux.

Katika majibu, Ubuntu ina hazina kubwa kuliko wote. Tatizo ni umri wa majibu yenyewe. Jibu la mwaka 2012 lenye kura 800 litakutuma kwenye faili la `/etc/network/interfaces`, wakati Ubuntu ilihamia Netplan, njia mpya ya kupanga mtandao, tangu 17.10. Litakuambia uongeze PPA (hazina ya programu ya nje) iliyokufa zamani, na PPA hiyo itakukwamisha siku ya kupandisha toleo. Angalia mwaka kabla ya kunakili. Jibu la kabla ya 2018 lichukue kama dokezo tu.

Watumiaji wa Mint wanakula kutoka hazina hiyohiyo, kukiwa na mtego mmoja unaowanasa wengi. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, ambayo jina lake la ndani ni noble, lakini Mint yenyewe hujiita wilma, xia au zara kutegemea toleo. Hati ya kusakinisha programu ya nje ikiuliza mfumo jina lake, inajibiwa "wilma", inakwenda kutafuta folda ya wilma kwenye seva, na inarudi na kosa la 404. Fungua faili lililotengenezwa ndani ya `/etc/apt/sources.list.d/`, badilisha jina la Mint kuwa noble, kisha andika `sudo apt update`. Jina sahihi la Ubuntu utalipata kwa `grep UBUNTU_CODENAME /etc/os-release`.

Ukubwa nao una uzito. ISO ya Ubuntu 24.04 inakaribia GB 6, ya Mint ni karibu GB 3. Ubuntu inataka RAM ya GB 4 na diski ya GB 25, Mint inaanzia GB 2 za RAM na GB 20 za diski, ingawa kwa GB 2 chukua toleo jepesi la Xfce na usifungue kurasa nyingi za kivinjari. Mint 22 itahudumiwa hadi Aprili 2029. Ubuntu ya LTS, yaani toleo la huduma ya muda mrefu, inahudumiwa miaka 5, na ukijisajili Ubuntu Pro inafika 10, bure kwa mashine zisizozidi 5 za mtu binafsi. Yale maneno ya kuinadi Pro yanayojitokeza ukisasisha, ambayo wengi wanayaita matangazo, baadhi yake yanaondolewa kwa `sudo pro config set apt_news=false`.

Debian, "ya wazee"

Debian ilitangazwa na Ian Murdock Agosti 1993. Haina kampuni inayoimiliki. Ina mkataba wa kijamii uliopitishwa 1997, kiongozi anayechaguliwa kila mwaka, na mambo makubwa huamuliwa kwa kura. Mabishano yao hufanyika hadharani kama mkutano wa kijiji, na ndiyo asili ya sifa ya ugomvi: kura ya mwaka 2014 kuhusu systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo, iliwagawa hadi baadhi wakatoka na kuanzisha distro ya Devuan. Lakini mtumiaji wa kawaida hafikiwi na kelele hizo. Kinachomfikia ni uamuzi uliokwisha kupikwa.

Sifa ya uzee inatokana na matoleo ya takribani kila miaka miwili, ambayo baada ya kutoka vifurushi vyake havibadilishwi isipokuwa kuziba matundu ya usalama na makosa makubwa. Watu wanalicheka hilo. Sasa litazame ukiwa ndani ya steshenari yenye HP LaserJet P1102, ile printa ndogo nyeusi. P1102 haichapi kwa HPLIP pekee, ambayo ndiyo draiva ya printa za HP, inahitaji kipande cha ziada cha HP kinachopakuliwa kwa amri ya `hp-plugin`, na toleo la kipande hicho lazima lilingane na toleo la HPLIP. Distro inayobadilisha HPLIP kila mara itakufanya usasishe Jumamosi, na Jumatatu asubuhi printa iko kimya huku wateja wamejipanga na vitambulisho vya kutoa kopi. Kwenye Debian HPLIP haibadiliki hadi toleo lijalo. Unapakua kipande kile mara moja, basi. Epson za tangi za mfululizo wa L nyingi zinatosheka na kifurushi cha `printer-driver-escpr`. Printa ndogo za leza za Canon zina ubishi katika distro yoyote, kwa kuwa draiva yake huitoa Canon yenyewe. Jaribu kwanza kabla ya kununua.

Lawama nyingine ya zamani kwamba Debian haitambui waifai ilikuwa ya haki hadi Juni 2023. Kabla ya hapo fimwea zisizo huria, yaani programu ndogo za kuendesha chipu, hazikuwamo kwenye kisakinishi rasmi. Wakapiga kura mwaka 2022, na tangu Debian 12 zimo. Chipu za Intel zilizo kwenye EliteBook na ThinkPad huwaka zenyewe. Broadcom bado zinasumbua. Njia ya kutoka ni kebo ya USB: unganisha simu, washa ugawaji wa intaneti kwa USB, na Linux itaiona simu kama mtandao wa waya bila draiva yoyote, kisha upakue kilichopungua. Mint hapa wamefikiria mbali zaidi. Kidhibiti cha draiva chao kinaweza kuchukua draiva ya Broadcom kutoka kwenye flashi uliyosakinishia, bila intaneti kabisa.

Kwa mashine za biti 32, zile netbook ndogo za Atom ambazo bado zimo kwenye maboksi ya shule, habari si nzuri. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi chake. Debian 12 ndiyo ya mwisho, na matengenezo ya muda mrefu yanafika Juni 2028. Baada ya hapo usizitegemee kwa kazi ya mtandaoni.

Ukiuliza Debian, tarajia ukavu. Hawatakutukana, ila hawatakupamba. Watataka toleo, maneno kamili ya kosa, na kama ni hitilafu ya kweli watakuelekeza utumie `reportbug`, inayotuma barua pepe. Wanaopenda kuulizwa hali kwanza wanaweza kudhani wamechukiwa.

Arch: majivuno na maktaba

Arch ilianzishwa na Judd Vinet mwaka 2002. Haina matoleo, mfumo husasishwa mfululizo. Utani wa watumiaji wake kujitangaza kila mahali kwamba wanatumia Arch umekuwa mkubwa kuliko distro yenyewe, na wao ndio wanaoueneza zaidi. Kuhusu ukali, sheria zao zinasema wazi wanasaidia Arch halisi tu. Ukija na Manjaro au distro nyingine iliyotokana nayo, mjadala unafungwa. Hapo ndipo wengi walipopata jeraha, kwa sababu hawakuwa wamesoma sheria hiyo. Wanaotaka Arch yenye watu wapole huelekezwa EndeavourOS, na sifa hiyo ya upole inalingana na ukweli.

Upande wa pili wa majivuno hayo ni wiki yao, maktaba ya kiufundi ambayo watumiaji wa Debian na Ubuntu nao huisoma kila siku. Shauri letu ni kutumia maktaba hiyo hata kama hutumii Arch.

Kwa mashine pekee ya nyumbani Mwanza, Arch hatuishauri, na sababu hazihusiani na tabia za watu. Kusakinisha kwenyewe kunahitaji intaneti mwanzo hadi mwisho. Visasisho vya wiki moja vinaweza kufika mamia ya MB. Huruhusiwi kusasisha nusunusu: ukiandika `pacman -Sy` na jina la programu moja, unaipata mpya juu ya maktaba za zamani, na inakataa kufunguka. Ukikaa miezi mitatu bila bando, funguo za saini zinaweza kuwa zimechakaa na vifurushi vikakataliwa, mpaka uanze na `sudo pacman -Sy archlinux-keyring && sudo pacman -Su`. Na ukisakinisha kutoka AUR, hazina ya watumiaji wa Arch, kumbuka vifurushi vyake huwekwa na yeyote. Julai 2025 vitatu viliondolewa baada ya kukutwa na programu hasidi, kimojawapo kikijiita marekebisho ya Firefox.

Halafu kuna umeme. TANESCO wakikata katikati ya kusasisha, na betri ya mtumba ikazimika papo hapo, Debian, Ubuntu na Mint kwa kawaida huinuka kwa:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt -f install`

Zinainuka kwa sababu kerneli ya zamani haifutwi mpya inapoingia. Unaichagua kwenye menyu ya GRUB inayotokea mashine ikiwaka na unaendelea na kazi. Arch kwa kawaida huweka kerneli moja tu na kuandika mpya juu ya ya zamani. Umeme ukikatika kabla initramfs, faili linalosaidia kerneli kuwaka, haijatengenezwa, mashine haiwaki. Utahitaji flashi ya Arch, `arch-chroot`, kufuta `/var/lib/pacman/db.lck`, na kurudia usasishaji, tena ukiwa na intaneti. Wanaoijua Arch husakinisha pia `linux-lts` kama akiba. Wanaoanza hawaambiwi mapema.

Fedora tunaipita haraka. Watu wake ni wastaarabu na kazi yao ni safi. Ila toleo linahudumiwa takribani miezi 13, visasisho ni vikubwa, na video nyingi zinahitaji uongeze hazina ya RPM Fusion. Hofu kwamba IBM, iliyoinunua Red Hat, mfadhili wa Fedora, mwaka 2019, itaibadilisha inasikika sana tangu CentOS ya kawaida, distro ya bure ya Red Hat, ilipotangazwa kusitishwa Desemba 2020. Mwandishi wa programu mwenye faiba atastarehe nayo. Mwenye bando la wiki, hapana.

Swali moja, milango minne

Chukua tatizo linalojulikana: laptopu ya HP 15 yenye chipu ya Realtek RTL8723BE. Waifai inaonekana ukiwa mita moja na ruta, ukisogea sebuleni inapotea. Chanzo ni kwamba baadhi ya laptopu hizo zina antena moja tu, imechomekwa kwenye tundu ambalo draiva haiangalii.

Ukiandika "Wakuu, waifai inasumbua, msaada tafadhali", kwenye kundi la WhatsApp la mafundi utapata majibu kumi ndani ya dakika tano, nusu yake yakikuambia upige Windows upya. Kwa Ubuntu swali litafungwa kwa kukosa taarifa. Kwa Mint mtu atakuomba kwa upole matokeo ya `inxi -Fxz`. Debian watauliza toleo. Arch watakupa kiungo cha ukurasa wa waifai, bila neno la ziada.

Sasa andika hivi, kwa Kiingereza chepesi kisicho na mapambo: aina ya laptopu, distro na toleo, kerneli, kwa `uname -r`, matokeo ya `lspci -nnk | grep -iA3 net` yakiwa maandishi, siyo picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, ulichojaribu, kilichotokea. Milango yote minne itakupa jibu lilelile:

`echo "options rtl8723be ant_sel=2" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf`

Washa upya. Hali ikiwa mbaya zaidi, badilisha 2 iwe 1. Atakayekushauri upakue msimbo wa draiva na kuujenga mwenyewe mshukuru kisha umwache. Draiva iliyojengwa kwa mkono hupotea kerneli ikibadilika, na utakuwa umerudi ulikoanzia.

Picha ya skrini inakataliwa kwa sababu haitafutiki na haiwezi kunakiliwa. Saa nayo ina maana. Ukiuliza kati ya saa mbili na saa tano usiku wetu, Ulaya ni jioni na Marekani ya mashariki ni mchana, wajibuji wapo. Ukiuliza saa mbili asubuhi, subiri. Na usifute swali baada ya kupona. Andika kilichofanya kazi, maana hilo ndilo linalomgeuza mtu mkavu akakumbuka jina lako safari ijayo.

Kuna tahadhari kwa makundi ya hapa nyumbani, ambayo yana faida kubwa ya Kiswahili na ya fundi unayeweza kumfuata dukani. Usiendeshe amri yoyote yenye `dd`, `rm -rf` au `curl` inayomiminwa kwenye `sudo bash` mpaka aliyeituma aeleze kila neno linafanya nini. Asipoweza, hajui.

Nani achukue nini

Steshenari ya Igoma au Nyegezi inayochapa, kuskani na kujaza fomu mtandaoni: Debian 13 ikiwa kuna fundi wa kuisimika vizuri mara moja, Mint ikiwa mwenye duka atajitegemea. Katika Mint washa Timeshift, programu ya kutunza nakala za mfumo, siku ya kwanza, lakini weka nakala 2 za kila siku na 2 za kila wiki, si zaidi. Kwenye diski ya GB 128 nakala zikirundikana hujaza nafasi yote, na mashine iliyojaa hukataa hata kukuingiza. Timeshift kwa kawaida haibebi folda yako ya nyumbani, hivyo kazi za wateja zinahitaji diski ya nje.

Mwanafunzi wa Malimbe: Ubuntu ikiwa anasoma kompyuta, kwa kuwa seva nyingi atakazokutana nazo kazini ni Ubuntu na majibu yamejaa. Akisoma kitu kingine, Mint. Kwa vyovyote asakinishe `fonts-crosextra-carlito` na `fonts-crosextra-caladea`. Zina vipimo sawa na Calibri na Cambria, kwa hiyo tasnifu iliyoandikwa Word haitaruka kurasa ikifunguliwa LibreOffice. Menyu nyingi atazikuta kwa Kiingereza. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004, ila kazi ya kutafsiri haikupata watu wa kuiendeleza kwa kasi ileile.

Maabara ya shule Sengerema au Ukerewe, kompyuta 10 na modemu moja: Debian au Mint, pamoja na `apt-cacher-ng`, programu inayotunza vifurushi vilivyopakuliwa, kwenye mashine moja. Tuseme anwani yake ni 192.168.1.10. Kwenye nyingine tisa tengeneza faili `/etc/apt/apt.conf.d/00proxy` lenye mstari huu:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

Kifurushi kikipakuliwa mara ya kwanza kinabaki hapo, mashine nyingine zinakichukua ndani ya maabara bila kugusa bando. Mashine hiyo ikizimwa, nyingine zote zitashindwa kusasisha, kwa hiyo iwe ya mwalimu. Isakinishiwe pia Kiwix yenye nakala ya wiki ya Arch na ya Ask Ubuntu, tovuti ya maswali na majibu ya Ubuntu, zote husomeka bila intaneti. Kwenye Debian ongeza `debian-handbook`. Hapo jamii nzima, wapole na wakavu, iko ndani ya diski, na inapatikana hata siku mtandao ukipotea kisiwani.

Anayetaka kujifunza mifupa ya mfumo, ana mashine ya pili na waifai ya uhakika: Arch, kwa mkono, bila `archinstall`, kisakinishi chake cha kukurahisishia, mara ya kwanza. Asome habari za ukurasa wa mbele wa Arch kabla ya kila `pacman -Syu`.

Na mwenye programu ya hesabu inayokubali Windows pekee asihame. Aweke Mint pembeni ya Windows, baada ya kutoa nakala ya data, na kabla ya hapo afungue Command Prompt kama msimamizi na kuandika `powercfg /h off`. Asipofanya hivyo, Windows ikizimwa hubaki nusu imelala, diski ya NTFS inafunguka kwa kusoma tu upande wa Linux, na faili la mauzo alilolihariri Mint litakataa kuhifadhiwa.